Barabara tunaisingizia: nani anaua shokapu zetu?

Ndugu msikilizaji, mwezi uliopita nilikuwa Kitura, huku kwetu wilayani Mbinga. Nilikwenda na kinasa sauti changu kuwauliza wakulima habari za kahawa, nikarudi na habari ya shokapu. Najua wapo watakaosema kwamba shokapu ni jambo la mafundi wa gereji na halistahili kuchukua muda wa redio. Naomba wanivumilie hadi mwisho.

Kikundi kimoja cha wakulima wa huko kina gari, pikapu aina ya Land Cruiser waliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Gari hilo hubeba kahawa wakati wa msimu, hupandisha mbolea, na usiku mtu akizidiwa ndilo linalompeleka hospitali. Siku niliyofika wanachama walikuwa mkutanoni, na ajenda ilikuwa moja tu: katika muda wa miezi 11 wamenunua shokapu za nyuma mara 3. Jozi ya tatu nayo ilikuwa imekwisha kuvuja.

Kila mtu alikuwa na mshtakiwa wake. Wengine walisema mwenye kosa ni barabara. Wengine wakasema ni duka, kwamba tunauziwa vitu bandia. Mzee mmoja akasimama na kutoa hoja kwamba gari liuzwe, fedha zigawanywe, na kila mtu arudi kwenye usafiri wa kukodi. Hoja ilianza kupata makofi.

Ndipo akasimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Mkiuza gari, sisi tukishikwa na uchungu usiku tutapanda nini?"

Makofi yakakatika, kwa sababu kila mtu pale aliijua habari yake. Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili alipakiwa katika gari hilo akiwa na uchungu. Kwenye mteremko wenye kona, dereva alikanyaga breki. Gari halikushika. Magurudumu ya nyuma yalirukaruka juu ya njia kama mpira wa watoto, mkia wa gari ukateleza kwenda pembeni, na gari likaegemea ukingo wa mlima. Bahati nzuri liliegemea upande wa mlima, si upande wa bonde. Mama yule alibebwa kwa machela gizani hadi lilipopatikana gari jingine. Alijifungua salama, na huyo mtoto ndiye aliyekuwa mgongoni. Lakini kila aliyekuwepo alijua kwamba ukingo ule ungeweza kuwa bonde.

Usiku ule, ndugu msikilizaji, breki zilikuwa nzima. Kilichokuwa kimekufa ni shokapu.

Nilimwomba mwenyekiti anipe shokapu moja iliyotupwa, nikaitia katika kiroba na kumpelekea fundi mmoja mzee mjini Mbinga, mtu aliyeanza kufungua Land Rover kabla mimi sijajua kusoma. Aliigeuzageuza, akahakikisha kwamba si ya gesi na kwamba imekwisha kumwaga oili yake, halafu akaikata kwa msumeno wa chuma. Akaniambia, "Mwanangu, tazama ndani. Watu wengi wanainunua kila mwaka na hawajawahi kuiona tumbo lake."

Ndani kuna bomba, na ndani ya bomba kuna oili. Kuna fimbo ya chuma inayong'aa, na mwisho wa fimbo kuna pistoni yenye vitundu vidogo. Gurudumu likipanda jiwe, pistoni inasukumwa, na oili inalazimika kupenya katika vitundu vile. Kwa kuwa vitundu ni vidogo, oili inapita kwa shida, na shida ile ndiyo inayotuliza gari. Juu kuna sili ya mpira, kazi yake kuzuia oili isitoke na vumbi lisiingie.

Hapa fundi alinisahihisha kosa ambalo nami nilikuwa nalo. Nilidhani shokapu inabeba uzito wa gari. Haibebi. Anayebeba uzito ni springi. Springi ikiachwa peke yake hurusha gari juu, ikalirudisha chini, ikalirusha tena. Shokapu ndiyo inayoiambia springi kwamba sasa yatosha. Kwa hiyo gari lisilo na shokapu haliketi chini, linacheza. Na gurudumu linalocheza huruka hewani mara kwa mara. Gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halisikii usukani. Hayo ndiyo yaliyotokea kwenye kona ile.

Sisi wa milima ya Umatengo tunayo picha yake shambani. Babu zetu walichimba mashimo ya ngoro kwenye miteremko mikali. Ngoro haizuii mvua kunyesha. Inachofanya ni kuyanyang'anya maji haraka yake, yakae, yazame taratibu, yasiondoke na udongo. Shokapu ni ngoro ya gari. Haiondoi shimo barabarani, inaondoa haraka ya mshtuko.

Sasa haraka ile inakwenda wapi? Hili ndilo swali kuu, na jibu lake ndilo lililonifanya nilete jambo hili mbele yako. Inageuka kuwa joto. Kila mara oili inapopenya katika vitundu, inapata moto kidogo. Moto huo hupita katika ukuta wa bomba na kuchukuliwa na upepo. Kama mishtuko ni michache, shokapu inapata nafasi ya kupoa. Kama mishtuko inafuatana bila kupumzika, joto linaingia upesi kuliko linavyotoka. Oili inakuwa nyepesi kama maji. Katika shokapu za kawaida, ambazo ndani yake kuna hewa, oili na hewa vinachanganyika na kuwa povu. Povu linapita katika vitundu bila ubishi wowote. Dereva anahisi gari linaelea. Akisimama likapoa, shokapu inarudi kufanya kazi, naye anadhani hakuna kilichoharibika. Kumbe sili imeanza kukakamaa. Ikikakamaa inapasuka, oili inavuja, na shokapu imekufa.

Zipo shokapu za gesi, ambazo ndani yake hutiwa naitrojeni kwa shinikizo ili oili isifanye povu kwa urahisi. Ni nzuri kwa njia mbaya, na magari ya mashindano hutumia za namna hiyo. Lakini nazo hupata moto. Hakuna shokapu isiyopata moto, kwa sababu kupata moto ndiyo kazi yenyewe.

Wiki hii nilirudi Kitura nikiwa na futi kamba. Wengi mnaijua ile migongo midogo midogo inayoota kwenye barabara ya udongo wakati wa kiangazi, mfano wa bati. Nilipima kutoka mgongo hadi mgongo, nikapata kama sentimita 60. Tufanye hesabu pamoja. Gari likienda kilomita 60 kwa saa juu ya migongo hiyo, kila gurudumu linagongwa karibu mara 28 katika sekunde moja. Katika kilomita 60 za njia ya namna hiyo, kila shokapu inapigwa mara 100,000. Shimo moja kubwa tunalikumbuka kwa sababu limetuumiza kiuno. Hayo mapigo 100,000 hatuyahesabu, na ndiyo yanayoua.

Madereva wana hoja yao, na si ya uongo. Kijana anayeendesha gari la kikundi aliniambia, "Kaka, ukienda mwendo wa kati gari zima linatetemeka, hata kioo kinataka kutoka. Ukikanyaga mafuta linatulia." Ni kweli, linatulia. Kuna mwendo ambao mapigo ya migongo yanalingana na mcheko wa gurudumu lenyewe, na hapo mtetemo unakuwa mkubwa kuliko wote. Ukiongeza mwendo unaupita, na magurudumu yanaanza kugusa vilele tu vya migongo. Abiria wanastarehe. Lakini chini ya gari shokapu zinafanya kazi kwa kasi isiyopumzika, na tairi hazishiki ardhi sawasawa. Siku itakapotokea kona, mbuzi au mtoto, dereva atagundua kwamba alikuwa akiteleza muda wote. Njia ya pili ya kuukimbia mtetemo ule ni kushuka chini yake, mwendo wa kilomita 20 hivi kwa saa, ambapo gurudumu linaufuata kila mgongo na shokapu inapata muda wa kupoa. Njia hiyo ni ya taratibu, lakini haina ujanja wala hatari.

Wala tusidhani migongo hiyo imeletwa na mvua. Inaletwa na magurudumu. Mwaka 2007 wanafizikia walichapisha jaribio la gurudumu lililozungushwa juu ya mchanga uliosawazishwa, wakaonyesha kwamba migongo huota yenyewe, hata gurudumu likiwa halina springi. Migongo haioti pale tu mwendo unapokuwa chini ya kiwango fulani, na kiwango hicho ni kidogo mno kwa safari ya kawaida. Kwa hiyo migongo tutakuwa nayo. Tunachoweza kuchagua ni namna ya kuipita.

Tuna ushahidi mkubwa katika historia ya Afrika Mashariki. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mengine yote yaliishia njiani. Miaka yote miwili mshindi alikuwa mtu yuleyule, Nick Nowicki, akiendesha Peugeot 404, gari ambalo wazee wetu wanalikumbuka kama gari la abiria na la kazi. Joginder Singh wa Kenya naye alishinda mwaka 1965, kisha 1974 na 1976. Katika mashindano yale, kukimbia peke yake hakukumpa mtu kikombe. Kikombe kilikwenda kwa aliyelifikisha gari likiwa bado gari. Kama wao waliokuwa na mafundi na vipuri njiani walilazimika kulitunza gari, itakuwaje sisi ambao kipuri chetu kiko Songea?

Baada ya hayo, nikueleze yale ambayo fundi mzee alinisomea kama darasa. Nimeyajaribu kwa macho yangu kadiri nilivyoweza.

La kwanza ni mzigo. Gari la kikundi limetengenezwa kubeba kama tani 1. Msimu uliopita lilikuwa likipakia magunia 20, kila moja la kilo 60 hivi, na juu yake watu 12. Magunia peke yake ni kilo 1,200. Watu, tuseme kilo 60 kila mmoja, ni kilo 720. Jumla ni kilo 1,920, karibu magari mawili katika gari moja. Springi imelala, na kila shimo linamaliza nafasi yote ya shokapu hadi chuma kinagonga chuma. Na watu wale 12 walioketi juu ya magunia wako hatarini kuliko shokapu yenyewe.

La pili ni dawa ya uongo ya mzigo, yaani kuongeza majani ya springi. Gari linanyanyuka nyuma, mwenye mali anafurahi. Lakini springi ngumu inarudi kwa nguvu kubwa kuliko ile shokapu iliyopimiwa. Tena gari likinyanyuka, shokapu inavutwa hadi mwisho wa urefu wake, na gurudumu likining'inia inakuwa shokapu ndiyo inayolibeba. Hapo bushi zinachanika na vishikio vinakatika. Ukibadili springi, mwambie fundi apime urefu wa shokapu pia.

La tatu ni breki. Ukiliona shimo, funga breki kabla ya kulifikia, kisha uziachie gurudumu linapoingia. Ukiingia shimoni umekanyaga, pua ya gari imekwisha kuinama, springi za mbele zimekwisha kubanwa, na shokapu haina nafasi iliyobaki.

La nne ni upepo wa tairi. Tairi ndiyo springi ya kwanza. Ikijazwa ikawa ngumu kama jiwe, mapigo yote yanapanda juu. Kwenye njia ya udongo, gari likiwa na mzigo mwepesi na mwendo mdogo, unaweza kupunguza upepo kidogo. Usipunguze ukiwa na mzigo mzito, na usirudi kwenye lami bila kuujaza tena, maana tairi laini katika mwendo mkubwa inapata moto na kupasuka. Hili limekuwa la maana zaidi siku hizi. Lami imetoka Songea ikafika Mbinga, ikaendelea hadi Mbamba Bay kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa. Ni neema. Lakini dereva anayetoka kwenye lami na kuingia njia ya Kitura anaingia na mguu uleule uliozoea lami. Asimame kwenye njia panda, ashuke, atazame tairi zake, avute pumzi. Dakika hizo 5 zitampunguzia haraka.

La tano ni kupumzisha. Kwenye njia ndefu ya migongo, simama, acha shokapu zipoe. Na hapo ndipo kuna kipimo rahisi kuliko vyote. Mara tu baada ya kusimama, sogeza nyuma ya kiganja karibu na kila shokapu, taratibu, maana inaweza kuunguza. Zote zikiwa na moto, zote zinafanya kazi. Ukikuta moja imepoa wakati wenzake wana moto, hiyo imekufa. Mfanyakazi asiyetoka jasho hafanyi kazi.

La sita ni usafi na kukaza. Tope likikauka kwenye fimbo linakwangua sili kama msasa. Osha. Tazama bushi za mpira, zikilika badilisha, ni rahisi kuliko shokapu. Kaza nati. Ukiona unyevu mwembamba wa oili uliotulia, fuatilia. Ukiona inadondoka, badilisha. Tairi ikianza kulika kwa mabaka, hapa imelika hapa haijalika, ujue gurudumu linarukaruka.

La saba ni wakati wa kufunga mpya. Badilisha mbili za ekseli moja pamoja, maana mpya na ya zamani havifanyi kazi sawa. Shokapu ya kawaida ikitoka dukani, isimamishe wima, ivute na kuisukuma mara kadhaa ili hewa iliyopotea njia itoke kwenye bomba la kazi. Fundi asiishike ile fimbo inayong'aa kwa plaisi, kwa sababu mkwaruzo mmoja utachana sili. Nati za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake.

Na wapo wanaotoboa shokapu iliyokufa, wakaijaza oili yoyote, wakaiziba kwa kuchomelea. Oili ya injini si oili ya shokapu, na sili iliyopasuka haiponi kwa kujazwa. Ya gesi usithubutu kabisa kuitoboa, kuikata wala kuichomea, maana ina shinikizo ndani na inaweza kulipuka mkononi mwa mtu.

Ndugu msikilizaji, hayo saba yote nilimsomea yule kijana dereva. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelitegemea. "Kaka, ni nani atakayewaambia wenye gari? Mimi nalipwa kwa tripu. Nikienda taratibu sipati tripu ya pili. Nikikataa magunia 20, kesho usukani atapewa mwingine."

Sikuwa na jibu. Kumbe pale mkutanoni, walipokuwa wakitafuta mshtakiwa kati ya barabara na duka, mshtakiwa alikuwa ameketi kwenye viti. Aliyepanga magunia 20 ni kikundi. Aliyepanga malipo kwa tripu ni kikundi. Dereva alikuwa akitekeleza ratiba iliyoandikwa na wenye mali wenyewe. Siisamehe barabara; njia ile inahitaji greda, na wahusika wanalijua hilo. Wala sikatai kwamba vipuri bandia vipo. Lakini jozi 3 katika miezi 11 haziwezi kuwa kazi ya barabara peke yake, kwa sababu njia ile ile ina magari mengine, na si yote yanayonunua shokapu kila baada ya miezi minne.

Nilimpelekea mwenyekiti ujumbe wa dereva, kwa ruhusa yake. Mkutano ukaitwa tena, nami nikaruhusiwa kuketi nyuma. Yalisemwa mengi, na mengine ya hasira. Mwisho wakapatana mambo matatu: magunia yasizidi 15, hakuna mtu kuketi juu ya mzigo, na dereva alipwe kwa mwezi. Hoja ya kuuza gari iliondolewa. Mzee aliyeitoa alisema atalitazama hadi mwisho wa msimu ujao, na nadhani ana haki ya kulitazama.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe mwenye gari la kukodisha, la shule, la zahanati au la kikundi, kabla hujamfukuza dereva na kabla hujamtukana muuza duka, chukua karatasi uandike: gari langu linabeba kilo ngapi, linatakiwa kufika saa ngapi, na anayeliendesha analipwa kwa namna gani. Huenda jina la aliyeua shokapu ukalikuta hapo.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo, siku na saa kama ya leo.